Uzi: Je, vimeng'enya vinaweza kumtoa mtu kwenye unga?

#1 MwanaChumbageni

Habari za jioni, wanajukwaa. Mdogo wangu wa tumbo moja ametumia heroini kwa miaka tisa, na tangu mwaka jana anakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya heroini, kila asubuhi hapa Tanga. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri: alianza kula, alirudi kulala nyumbani, na mama aliacha kufungia sufuria chumbani kwake. Wiki tano zilizopita aligundulika kuwa na kifua kikuu na akaanzishiwa vidonge. Kuanzia wiki ya pili ya vidonge hivyo, methadoni anayoinywa saa 2 asubuhi haimfikishi usiku. Ikifika saa 11 jioni anapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi yanamtoka, vinyweleo vinamsimama kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu, kisha anajikunja juu ya mkeka akiwa ameshika tumbo. Kila aliyewahi kuishi na mraibu anajua kwamba hiyo ni arosto, mateso ya mwili kukosa dawa.

Juzi muuzaji mmoja wa virutubisho alitujia na kopo la vidonge anavyoviita vya vimeng'enya. Anasema vinameng'enya masalia ya unga yaliyoganda kwenye damu, na bei yake ni shilingi 180,000. Mpwa wangu naye ananiambia kwamba amesoma kuwa ng'ambo wanasayansi wanatibu uraibu kwa vimeng'enya. Naomba kujua mambo mawili. Je, tiba hiyo ipo kweli? Na je, inahusiana kwa namna yoyote na hii arosto ya jioni?

#2 JahaziPangani

Pole sana, ndugu. Usitoe hiyo fedha kwanza. Kopo la namna hiyo limepita pia huku Pangani, na binamu yangu alilinunua baada ya kuuza baiskeli. Nilisoma maandishi ya nyuma: ni vidonge vya kusaidia kumeng'enya chakula kwa watu wanaojaa gesi. Hapakuwa na neno heroini popote.

#3 KasaWaSahare

Naomba tusihukumu haraka. Kaka yangu alivitumia vidonge vya aina hiyo kwa mwezi mmoja na akaacha unga. Mimi si mtaalamu, lakini nimeona kwa macho yangu.

#4 MwalimuBaiolojia

Asante kwa uzi huu. Nianze na kitu ambacho kila jiko la Tanga linakijua. Mama akiwa na nyama ya ng'ombe mzee hupaka utomvu wa papai bichi, huiacha kwa muda, na nyama inalainika kabla ya kuona moto. Ndani ya utomvu huo mna kimeng'enya kinachoitwa papaini, ambacho kazi yake ni kukata protini. Hakikati mafuta wala wanga. Ukikipaka kwenye muhogo hakitaufanya chochote. Kila kimeng'enya kina kazi yake, kama ufunguo na kitasa chake.

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo linalonifanya niwe na shaka na kopo. Kimeng'enya chenyewe ni protini. Ukikimeza, tumbo lako hukifanya kile ambacho papai huifanya nyama: hukikatakata. Vipo vimeng'enya vya kumeza vinavyofanya kazi, kama vile vya kumsaidia mtu ambaye kongosho lake limechoka, lakini hivyo vinafanyia kazi ndani ya utumbo, juu ya chakula. Havivuki kwenda kwenye damu kutafuta unga. Na hakuna unga ulioganda kwenye damu kwa mtu aliyeacha miezi kadhaa. Huo umeshatoka siku nyingi.

Kwa hiyo, ndugu KasaWaSahare, siamini kwamba kaka yako aliponywa na kimeng'enya. Lakini kwamba aliacha, hilo sina sababu ya kulikataa.

#5 MziguaWaHanga

Mwalimu, shikamoo. Miaka yote darasani nilikariri "enzaimu", leo ndiyo naona kwamba neno letu "kimeng'enya" linaeleza kazi yenyewe bila kuhitaji kamusi. Ila Wasambaa mmezidi kutumia papai. Nyama ya kwetu hailainishwi, inatafunwa.

#6 FundiDawa

Mpwa wa mwenye uzi hakukosea kabisa, na ningependa tumtendee haki. Tiba ya vimeng'enya dhidi ya dawa za kulevya ni utafiti wa kweli, ila karibu wote unahusu kokeini.

Wazo lenyewe ni hili. Dawa nyingi za uraibu hufanya kazi kwenye ubongo, aidha kwa kuziba vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo dawa hushikilia, au kwa kuvishika polepole na kwa muda mrefu, kama methadoni inavyofanya. Kimeng'enya hakigusi ubongo kabisa. Kinakaa ndani ya damu kama mlinzi wa lango, na kila chembe ya kokeini inayopita kinaikata vipande viwili visivyo na nguvu kabla haijafika kichwani. Kingamwili moja, ile protini ya ulinzi ya mwili, hunasa chembe moja au mbili kisha inajaa, lakini kimeng'enya kimoja hukata, huachia, na kukata tena, mara maelfu.

Kuna njia mbili zilizofuatwa. Ya kwanza ilitoka kwa bakteria anayeitwa Rhodococcus, aliyepatikana kwenye udongo unaozunguka mizizi ya mmea wa koka. Bakteria huyo anaila kokeini kama chakula, na kimeng'enya chake kinaikata kwa kasi kubwa mno. Tatizo ni kwamba kwenye joto la mwili wa binadamu kiliharibika ndani ya dakika chache. Watafiti wakabadilisha sehemu mbili tu za muundo wake, kikawa kinadumu kwa saa kadhaa. Kilijaribiwa kwa watu waliojitolea na waliodungwa kokeini chini ya uangalizi, na ndani ya dakika 2 kiasi cha kokeini kwenye damu kilishuka kwa takriban asilimia 90.

Njia ya pili ni kimeng'enya ambacho sisi sote tunacho tayari. Kinatengenezwa na ini, kinaelea kwenye damu, na kinaitwa butirilikolinesterasi. Kile cha asili huikata kokeini polepole. Stephen Brimijoin wa Mayo Clinic na Chang-Guo Zhan wa Kentucky ni miongoni mwa waliotumia miaka mingi kukibadilisha ili kiongeze kasi, nao walifanikiwa sana kwenye maabara na kwa wanyama.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofika dukani, si Marekani wala Tanga, na vyote hudungwa, havimezwi.

#7 NusuKaputi

Nafanya kazi ya kulaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji, na kimeng'enya hicho cha pili alichokitaja FundiDawa ninakifahamu kwa sababu nyingine. Tunayo dawa ya kulegeza misuli ambayo sisi tunaiita skolini. Kwa mtu wa kawaida hufanya kazi dakika chache tu, kwa sababu butirilikolinesterasi ya damu huikata mara moja. Lakini wapo watu wachache waliozaliwa na kimeng'enya dhaifu. Niliwahi kumpata mmoja: upasuaji ulikwisha, wenzangu wakavua glavu, na mgonjwa akabaki hapumui mwenyewe. Nilikaa pembeni yake nikimpumulisha kwa mfuko wa mkono kwa saa nyingi, nikiangalia kidole chake kidogo cha mkono wa kulia, hadi kilipotikisika. Alipona kabisa.

Nimelisema hili kwa sababu watu wanadhani miili yetu ni sawa. Dozi ile ile, saa ile ile, mmoja anaamka na mwingine haamki. Mwenye uzi alishike hilo tunapoendelea.

#8 BintiBagamoyo

Nashukuru kwa maelezo. Lakini huku kwetu Bagamoyo, kama huko Tanga, vijana hawatumii kokeini. Wanatumia heroini inayoletwa kwa majahazi kutoka upande wa Afghanistan. Kwa nini kimeng'enya kisitengenezwe kwa ajili ya heroini? Au ni kwa sababu wanaoitumia ni maskini?

#9 FundiDawa

Swali lako ni la haki, dada, na sitakataa kwamba fedha huamua utafiti uende wapi. Lakini kuna sababu ya kikemia inayouma zaidi. Kokeini ikikatwa inakufa. Heroini ikikatwa inaamka.

Heroini ni mofini iliyobandikwa vipande viwili vidogo vinavyoifanya ipenye haraka kwenda kwenye ubongo. Ndani ya dakika chache tu baada ya mtu kujidunga, vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe, vya kwenye damu na vya kwenye ini, hubandua kipande cha kwanza, kisha cha pili, na kinachobaki ni mofini. Mofini hiyo, pamoja na kile kinachobaki baada ya kipande cha kwanza kubanduka, ndivyo vinavyoshika vipokezi. Ukimwongezea mtu kimeng'enya cha kukata heroini, umemharakishia tu safari ya kwenda kwenye mofini. Hata ini linapoimaliza mofini yenyewe, moja ya mabaki yake bado lina nguvu ya kutuliza maumivu.

Zaidi ya hapo, kwa aliyezidisha heroini tunayo naloksoni, ambayo huing'oa dawa kwenye vipokezi kwa dakika chache. Kwa aliyezidisha kokeini hakuna kitu cha namna hiyo, na wala hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kutibu uraibu wa kokeini. Ndiyo maana watafiti wa vimeng'enya walikimbilia huko.

#10 MwalimuBaiolojia

Nakubaliana na FundiDawa isipokuwa kidogo. Bakteria wa kuikata heroini na hata mofini walishapatikana. Yupo Rhodococcus mwingine, aina ya H1, anayebandua vile vipande vya heroini, na yupo Pseudomonas putida M10 mwenye kimeng'enya kinachoigeuza mofini kuwa kitu kingine. Vilitumika kwa wazo la kutengeneza vifaa vya kuinusa heroini iliyofichwa kwenye mizigo. Kwa hiyo mlango haujafungwa kwa kanuni ya maumbile. Mtu angeweza kuvifunga vimeng'enya viwili pamoja, kimoja kianze na kingine kimalizie.

#11 FundiDawa

Nimekubali marekebisho, Mwalimu. Niseme basi kwamba ni mlango mzito. Kimeng'enya cha bakteria kikiingia kwenye damu ya binadamu mara kwa mara, mwili hukitambua kama mgeni na kukitengenezea kingamwili. Kwa dharura moja hilo linavumilika. Kwa matibabu ya miaka, sijui.

#12 MiakaSitaSafi

Wanajukwaa, nimesoma kimya hadi hapa. Mimi nilijidunga unga kwa miaka kumi na moja, nikalala Deep Sea, nikalala stendi, na sasa nina miaka sita safi. Nawashukuru kwamba hakuna aliyeandika neno "teja" kwenye uzi huu. Neno hilo lilinifanya nichelewe kwenda hospitali kwa miaka mitatu, kwa sababu kila mlango niliogopa kwamba ndilo nitakaloitwa.

Kuhusu arosto ya saa 11 jioni, nina maelezo yangu, na naomba mwenye uzi asikasirike. Saa 11 ndiyo saa niliyokuwa napata kete yangu ya pili. Mwaka mzima baada ya kuacha, saa hiyo ikifika, nikisikia adhana ya Alasiri imeshapita na jua limelala upande wa bandari, pua ilianza kuchuruzika. Daktari alinipima, dozi ilikuwa sawa. Mwili ulikuwa unakumbuka saa, na mimi niliuamini kama ninavyoamini njaa. Mdogo wako anapitia wapi akitoka kliniki? Anakaa na nani jioni? Kimeng'enya hakiwezi kumeng'enya mtaa.

#13 MwanaChumbageni

Kaka, sijakasirika hata kidogo. Akitoka kliniki tunarudi naye sote wawili kwa miguu, tunapita Bombo hadi nyumbani, na jioni anakaa barazani na mama wakichambua mchicha. Ila umenifanya nifikiri, kwa sababu baraza yetu inatazama kijiwe chake cha zamani.

#14 NesiMstaafu

Wanangu, naomba mnisikilize kwa makini, maana nimesoma posti kumi na tatu nikisubiri mtu auulize mkojo.

MwanaChumbageni, tangu mdogo wako aanze vidonge vya kifua kikuu, mkojo wake una rangi gani? Kama ni mwekundu wa machungwa, kama juisi ya choya iliyotiwa maji mengi, basi anameza rifampisini, ambayo imo ndani ya vidonge vya miezi yote sita. Rangi yenyewe haina ubaya. Lakini rifampisini ina tabia nyingine: inaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi kuliko kawaida. Vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoimaliza methadoni mwilini. Methadoni iliyozoea kudumu siku nzima inaliwa na ini kabla jua halijatua. Haianzi siku ya kwanza. Huchukua takriban wiki moja hadi mbili ndipo ini lifike kilele. Wewe mwenyewe umeandika "wiki ya pili".

Jambo hili si geni. Mwaka 1976, Mary Jeanne Kreek na wenzake wa New York walichapisha habari za wagonjwa 30 wa kifua kikuu waliokuwa kwenye methadoni, na 21 kati yao walipata arosto baada ya kuanza rifampisini.

Kwa hiyo mlikuwa mnatafuta vimeng'enya vya kwenye kopo, na kumbe vimeng'enya vyake mwenyewe vimezidi.

Asiache rifampisini hata siku moja, kwa sababu kifua kikuu kitamuua na kitaambukiza nyumba nzima. Na msimwongezee methadoni wenyewe kwa njia yoyote. Nendeni kliniki na kadi zote mbili, ya methadoni na ya kifua kikuu, mkaziweke mezani pamoja. Wanayo njia ya kupandisha dozi kidogo kidogo.

#15 MwanaChumbageni

Mama, shikamoo. Nimemaliza kusoma nikaenda kumwuliza. Ni mwekundu. Alikuwa ameona haya kutuambia. Alidhani ni damu, na kwamba unga umemharibu figo, na amekaa na hofu hiyo peke yake wiki tano.

Kinachoniumiza ni kwamba alikoandikiwa vidonge vya kifua kikuu hakuna aliyemwuliza kama anatumia methadoni. Yeye naye hakusema, kwa sababu kwenye foleni walikuwepo majirani. Na alikonywea methadoni alisema tu kwamba "anakohoa". Madirisha mawili, na mtu mmoja katikati akiwa kimya.

#16 KasaWaSahare

Maelezo ya mama Nesi ni mazito, lakini yananipa shida. Rafiki yangu wa Mikanjuni alikuwa na hali ile ile: methadoni na vidonge vya kifua kikuu kwa pamoja, mkojo mwekundu vilevile, na hakupata arosto hata siku moja. Sasa ini lake halikuamka?

#17 FundiDawa

Angalia hesabu ya mama Nesi tena: 21 kati ya 30. Tisa hawakupata arosto. Rafiki yako anaweza kuwa katika kundi la wale tisa.

Hapa ndipo maneno ya NusuKaputi yanaporudi. Methadoni huvunjwa hasa na vimeng'enya viwili vya ini, kimoja kinaitwa CYP2B6 na kingine CYP3A4. Katika watu wa Afrika, aina dhaifu ya CYP2B6 ni ya kawaida sana. Mwenye aina hiyo huivunja methadoni polepole tangu mwanzo, kwa hiyo hata ini likiamshwa anaweza kubaki na akiba. Mwenye aina yenye nguvu anaishiwa mapema. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Nina swali pia kwa mwenye uzi, na ajibu faraghani kama anaona vyema: kuna dawa nyingine yoyote anayotumia? Efavirenzi na nevirapini, ambazo ni dawa za virusi vya UKIMWI, huliamsha ini kwa namna ile ile, ingawa dolutegraviri, ya virusi hivyo hivyo na inayotumika sana siku hizi, haiigusi methadoni. Flukonazoli, ya fangasi, hufanya kinyume: hulilaza ini, na methadoni inapanda.

#18 MzeeWaRaskazone

Nimefurahi kuona kwamba vimeng'enya vinaweza kuzidi na vinaweza kuzuiwa, kwa sababu mimi ni shahidi wa hilo la kuzuiwa. Nilikuwa mlevi wa gongo. Daktari mmoja alinipa disulfiramu miaka mingi iliyopita. Pombe ikiingia mwilini hugeuzwa kwanza kuwa sumu fulani, kisha kimeng'enya cha pili huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Disulfiramu hukifunga mikono kile cha pili. Nilikunywa glasi nusu ya mnazi, nusu tu, kwenye harusi ya mpwa wangu, na uso ukawaka moto, moyo ukapiga kama ngoma ya mdumange, nikatapika juu ya kanzu mbele ya wakwe. Sijaonja tena.

Wadenmaki wawili, Jens Hald na Erik Jacobsen, walioitambulisha mwaka 1948, walikuwa wanaijaribu kama dawa ya minyoo. Walimeza wenyewe, wakanywa pombe, wakaugua.

Kwa hiyo jibu la swali la uzi ni ndiyo. Vimeng'enya vinatibu uraibu tangu zamani, ila kwa kuvizuia.

#19 MiakaSitaSafi

Mzee wangu, heshima kwako, lakini naona kwamba kilichokutibu ni wakwe.

#20 MzeeWaRaskazone

Na wao walichangia, mwanangu. Sikatai.

#21 BintiBagamoyo

Naomba niulize jambo la pembeni kidogo. Baba yangu anavuta sigara tangu ujana wake na ameshindwa kuacha mara nne. Je, kwa nikotini hakuna kimeng'enya?

#22 MwalimuBaiolojia

Kipo, binti. Yuko bakteria mwingine, Pseudomonas putida S16, aliyepatikana kwenye udongo wa shamba la tumbaku, na anaishi kwa kula nikotini. Mwaka 2015 maabara ya Kim Janda katika taasisi ya utafiti ya Scripps, Marekani, ilionyesha kwamba kimeng'enya chake, NicA2, kikitiwa kwenye damu ya panya yenye nikotini, muda wa nusu ya nikotini kutoweka hupungua kutoka saa mbili au tatu hadi dakika 9 mpaka 15. Baadaye kilijaribiwa kwa panya waliozoeshwa nikotini. Kwa binadamu bado, na baba asikisubiri. Inanishangaza kila mara kwamba kila sumu tunayoipenda, chini ya mmea wake yuko kiumbe asiyeonekana anayeila kama ugali.

#23 MiakaSitaSafi

Naomba kurudi kwenye wazo la mlinzi wa lango, kwa sababu mimi ndiye ninayepaswa kulindwa. Tuseme kipo kimeng'enya cha heroini na nimedungwa leo. Kesho nikipata fedha, nitajidunga kete moja na sitasikia kitu. Mnadhani nitarudi nyumbani? Nitajidunga ya pili, ya tatu, ya tano. Nikiwa kwenye arosto, kimeng'enya hakinipi utulivu wowote, kinaninyima tu. Methadoni ilinipa asubuhi ambayo sikuhitaji kuiba. Huo ndio muda nilioutumia kujifunza ufundi wa viti.

Sisemi utafiti usimame. Nasema mwenye kuunda dawa hiyo aulize kwanza mtu akinyimwa atakwenda wapi.

#24 FundiDawa

Hoja yako ina ushahidi. Kuna aina ya butirilikolinesterasi iliyounganishwa na protini nyingine ya damu ili idumu, ikaitwa TV-1380, ikajaribiwa kwa watu wenye uraibu wa kokeini waliotaka kuacha. Jaribio halikufikia lengo lake kuu la kuwafanya waache. Wapo wanaosema kimeng'enya hakikuwa na kasi ya kutosha, na wapo wanaosema kama wewe, kwamba kuzuia raha si sawa na kuondoa haja. Mimi naegemea upande wa kasi, kwa sababu kilichotumika kilikuwa cha polepole kuliko vile vilivyokuja baadaye. Mwaka 2018 watafiti wa Chicago walipandikiza kwa panya ngozi iliyobadilishwa ili itoe kimeng'enya hicho yenyewe, na hamu ya panya kutafuta kokeini ilipungua.

#25 MiakaSitaSafi

Panya hana deni wala hana mama anayemlilia. Tusikubaliane hapo, ndugu yangu, lakini asante kwa kunijibu kwa heshima.

#26 NesiMstaafu

Jambo moja kabla sijalala, nalo nimeliona likiua. Vidonge vya kifua kikuu vikiisha baada ya miezi sita, ini linapoa. Vimeng'enya vinashuka taratibu kwa wiki mbili hivi, na ile methadoni iliyopandishwa inakuwa nyingi kupita kiasi. Mtu analala na haamki. Andikeni tarehe ya kumaliza vidonge ukutani, na mwambieni wa kliniki ya methadoni kabla tarehe hiyo haijafika ili dozi ishushwe.

#27 MwanaChumbageni

Wanajukwaa, narudi na taarifa baada ya siku tisa. Tulikwenda na kadi zote mbili. Mhudumu alizisoma, akaenda kumwita daktari, na dozi ikapandishwa kidogo. Itapandishwa tena wiki hii baada ya kumwangalia. Kopo hatukununua. Tarehe ya kumaliza vidonge nimeiandika kwa mkaa ukutani nyuma ya mlango wa jikoni, ambako mama huiona kila akiingia.

Pia, kwa ushauri wa MiakaSitaSafi, tumehamisha kikao cha jioni kutoka barazani kwenda uani.

Nimekuwa naandika saa ambayo miayo inaanza. Kabla ya kwenda: saa 11:10 jioni. Siku ya pili baada ya dozi kupanda: saa 12:40. Siku ya tano: saa 2 usiku. Jana: saa 11:30 tena, na jana mvua ilinyesha tukarudi barazani.

#28 FundiDawa

Jana alimeza vidonge vya kifua kikuu saa ngapi, na alikula kabla au baada? Saa 11:30 moja haitoshi kusema kitu. Na dozi bado haijafika inakotakiwa.

#29 MiakaSitaSafi

Alirudi barazani. Mimi sina la kuongeza hapo.

#30 NesiMstaafu

Endelea kuandika saa, mwanangu. Daftari hilo liende nawe kliniki Jumatatu, pamoja na zile kadi mbili.